Kopo la Mshubiri

Neno la kwanza nililolisoma peke yangu uani kwetu lilikuwa "dawa". La nne lilikuwa "sumu".

Tulikuwa tunaishi Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua wa pamoja nyuma. Mie na mume wangu tulipanga chumba cha mwisho, kile ambacho dirisha lake linatazama uani. Yeye alikuwa mpagazi kwenye ghala la pembejeo za kilimo, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Wote wawili tulitoka kusini. Miaka minane ilikuwa imepita tangu tuje mjini, na mtoto tulikuwa bado hatujajaliwa.

Mishubiri niliianza kwa bahati tu. Mama mwenye nyumba alinipa kichipukizi kimoja, akaniambia nikitunze, kinafaa kwa moto ukikuunguza na kwa wanawake wanaowaachisha watoto ziwa, maana mtoto akionja ule uchungu hataki tena. Mie niliona kichipukizi kizuri, majani manene kama vidole, nikataka kukipa heshima yake. Nikakipanda kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, zawadi ya harusi yangu. Nikakimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu nilipokigusa kikang'oka chenyewe, shina limeoza, linanuka.

Mama mwenye nyumba alikuja kuangalia, akashika kiuno.

"Umeuzamisha! Bakuli halina tundu, maji yatokee wapi? Huu si mpunga, mwanangu. Mshubiri hunywa ukapumzika."

Aliniongezea kingine. Hapo ndipo nikaanza kujifunza vyombo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikaniadhibu kwa namna yake. Kifuu cha nazi kilifaa kwa machipukizi madogo, lakini kabla mwaka haujaisha kikalainika na kuingiwa na mchwa. Debe lilikuwa na kina kirefu mno. Mshubiri haushuki chini, mizizi yake hutambaa juu juu, kwa hiyo udongo wa chini ya debe ulibaki na maji siku nyingi bila mzizi wa kuyanywa. Kopo jembamba nililoliweka ukutani upande wa magharibi lilipata moto wa jua hadi mizizi ikapikika. Kikaango cha udongo kilichopasuka pembeni ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Kilikuwa kipana, kifupi, na udongo wake ulinyonya unyevu wenyewe, asubuhi ukikigusa kwa nje kina ubaridi. Lakini kikaango nilikuwa nacho kimoja tu. Miaka ile chombo kilikuwa chombo. Chochote chenye kitako kilitunzia maji, au mafuta, au unga wa foleni ya duka la ushirika, na ukionekana unatia mchanga kwenye sufuria, hata kama imetoboka, watu wangekushangaa.

Mume wangu aliniona ninavyohangaika. Jioni moja akarudi na makopo matatu kutoka ghalani, mawili marefu na moja pana, fupi, lenye mdomo mkubwa kama sinia. Lile pana nililipenda mara moja. Lilinuka kidogo, harufu kama ya kitunguu kilichovunda, nikadhani ni kutu. Nililisugua kwa majivu, nikaligeuza nikalitoboa matundu sita kwa msumari na jiwe, nikatandika kokoto chini, nikachanganya mchanga wa kijito na udongo kidogo. Mshubiri nilioupanda humo ulikua kuliko yote. Majani yakanenepa hadi yakanilemea mkononi. Watu wa mtaa mzima walijua: ukitaka jani la shubiri, nenda kwa yule mama wa chumba cha mwisho.

Vifaranga wangu wawili walikufa mwaka ule. Walikuwa wanakunywa maji yaliyochuruzika chini ya yale makopo. Nikasema ni kideri.

Wakati huohuo darasa la kisomo cha watu wazima lilikuwa limeanza kwenye ofisi ya tawi la chama. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango kuandika wasiojua kusoma. Mie niliandikwa. Mume wangu hakuandikwa, maana kila mtu alijua anasoma. Kila akirudi kazini alikaa kwenye kigoda uani na gazeti, analifungua lote, anatikisa kichwa. Majirani walimuuliza habari za dunia naye akawajibu. Barua za mama yangu kutoka kusini zilikuja kwa anwani ya kazini kwake, na yeye ndiye aliyenisomea. "Mama anakusalimu sana. Mihogo imestawi. Mvua nzuri. Wote wazima." Mie nalia kidogo, naikunja barua, naiweka kwenye kibweta. Yeye anasema atajibu kazini, huko kuna kalamu nzuri.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa bara, karani wa serikali, mwenye lafudhi iliyotufanya tucheke mwanzoni. Mwezi wa tano hivi wa darasa, alasiri moja, alifuta ubao akaandika sentensi nzima bila kutusaidia, akanyoosha chaki kwangu. Nikaisoma. Darasa likapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilikuwa kama mtu aliyepewa macho mapya, kila penye maandishi nikasimama. Ukuta wa duka. Gunia la mchele. Kwenye ukumbi wa nyumba nikasoma kanga niliyokuwa nimeivaa miaka mitatu, nikagundua ni tusi, na kwamba nilikuwa nimeivaa mbele ya mama mkwe wa jirani. Nikaigeuza ndani nje palepale huku nacheka peke yangu.

Bado nacheka, nikatoka uani. Jua lilikuwa la saa kumi na moja, linapiga moja kwa moja kwenye makopo. Upande ule wa kopo pana niliokuwa nimeugeuzia ukuta sasa ulikuwa mbele, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimelizungusha ili jani lililokonda lipate mwanga. Chini ya kutu kulikuwa na herufi nyekundu. Nikachutama. Nikaweka kidole.

Da-wa. Dawa! Nikafurahi, nikajisemea kumbe ndiyo maana mshubiri umestawi. Ya. Wa-du-du. Dawa ya wadudu. Halafu herufi kubwa kuliko nyingine, nne tu.

Su. Mu.

Nikarudia. Nikafuta kutu kwa kiganja, nikarudia tena, nikitumaini kwamba nimekosea, mie mwanafunzi wa miezi mitano. Chini yake kulikuwa na mstari mrefu na nilihangaika nao neno kwa neno: usitumie kopo hili kwa chakula wala maji.  

Asubuhi ileile, kabla sijaenda popote, jirani yangu wa chumba cha mbele alikuwa amekuja mlangoni kwangu. Alikuwa mjamzito tena na mtoto wake wa kiume alikuwa amefika umri wa kuachishwa. "Shoga, nikatie jani moja nene," aliniambia. "Leo namkomesha huyu." Na mie nilimkatia kutoka kopo pana, kwa sababu ndilo lililokuwa na majani manene.

Sikumbuki kuvuka ua. Nakumbuka mlango wake, na yeye amekaa kitandani amempakata mtoto, uso wake umebadilika.

"Ametapika mara tatu," alisema. "Anatoka jasho na mate, tazama. Nilimpaka kidogo tu, akanyonya, akalia, nikampa tena. Shubiri inafanyaga hivi?"

"Ulimpaka lini?"

"Saa nane." Kisha akaniangalia vizuri. "Mbona unauliza hivyo?"

Nilimwambia. Sikujua namna ya kulainisha maneno, nikayasema kama nilivyoyasoma. Akasimama na mtoto mabegani, na alichoniuliza kimenikaa mwilini hadi leo.

"Umempa nini mwanangu?"

Wanawake wengine walikuwa wameshatoka vyumbani mwao. Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini nilisikia, kwamba asiye na mtoto hana uchungu wa mtoto.  Nilikuwa nimekula na hawa watu sahani moja.  Nikarudi uani, nikalinyanyua lile kopo pamoja na mshubiri wake na udongo wake, nikalikumbatia, nikamfuata jirani yangu aliyekuwa ameshatoka mbio barabarani.

Tulikimbia hivyo hadi njia kubwa. Miiba ya majani ilinichana mikono na udongo ukanimwagikia kifuani. Gari la duka la ushirika lililokuwa limeshusha unga likatupakia nyuma. Jirani yangu alikaa pembe moja, mie pembe nyingine. Hakuniangalia hata mara moja.

Hospitalini mganga alimchukua mtoto, akamfunua macho, akauliza amekula nini. Nikamsogezea kopo. Muuguzi aliyekuwa pale alilisoma kwa sauti, moja kwa moja, bila kukata silabi, na watu wote waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakageuka.  Wakampeleka mtoto ndani, na jirani yangu akaingia naye. Mie nikabaki kwenye korido na mshubiri wangu.

Mume wangu alifika jua likizama, ameletwa na balozi. Mganga alitoka, akasema mtoto amesafishwa tumbo na wanamwangalia, kisha akamgeukia mume wangu.

"Wewe ndiye uliyeleta kopo hili nyumbani?"

"Ndiyo, daktari."

"Na kusoma unajua?"

"Ndiyo."

Mganga akamwekea kopo mikononi, upande wa maandishi mbele yake. "Hapa pameandikwa nini?"

Mie nilikuwa nimesimama pembeni yake, karibu kabisa. Miezi mitano nilikuwa nimefundishwa jinsi jicho linavyotembea: linaanza kushoto, linaruka neno, linasimama, linarudi. Nilimtazama mume wangu macho. Hayakutembea. Yalisimama katikati ya kopo, sehemu moja, kama mtu anayetazama ukuta. 

"Nilidhani ni kopo la rangi," alisema.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka uani. Kule nilikuwa nimesoma neno. Hapa nilikuwa nimemsoma mtu, mtu niliyelala naye miaka minane, na wote waliokuwa pale hawakuona chochote isipokuwa mpagazi mzembe. Mganga alimkaripia. Balozi alitikisa kichwa. Mie nilibaki kumtazama, na yeye akajua kwamba nimejua, akainamisha macho.

Asubuhi mtoto aliomba uji. Mganga alituambia hawezi kusema ilikuwa dawa ya kopo iliyoingia kwenye majani, au vumbi lake mikononi mwangu, au homa tu iliyokutana na uchungu wa shubiri. "Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana," alisema. "Lakini makopo yale yazikeni." Jirani yangu alibeba mwanawe akapita mbele yangu. Mlangoni akasimama, akanisubiri. Hatukuongea njia nzima, ila alinisubiri.

Bwana afya alikuja siku hiyohiyo pamoja na balozi wakazunguka nyumba zote. Waliyoyakuta yalitushangaza sote. Chumba kimoja kopo kama langu lilikuwa la sukari. Nyumba ya tatu lilikuwa la kutekea maji ya kunywa mtungini. Yule mama aliyesema maneno ya mtoto na uchungu alikuwa ametunzia humo mbegu za maboga. Yote yalitoka ghala lile, wapagazi walikuwa wameyagawa kwa ndugu na marafiki kwa moyo mwema, na waliojua kusoma miongoni mwetu hawakuwahi kuyasoma, kwa sababu kopo ni kopo. Yalizikwa kwenye shimo nyuma ya ofisi ya tawi. Mishubiri yangu mitatu ya makopo ikazikwa nayo.

Mume wangu hakuenda kazini siku ile. Aliketi chumbani. Nikafunga mlango.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hujui kusoma tangu lini?"

Alijaribu kucheka, akashindwa. Akaniambia alipokuja mjini mara ya kwanza, kabla ya Uhuru, alisema anajua ili apate kazi. Magunia aliyatambua kwa rangi na kwa kunusa. Habari za gazeti alizisikia kwenye redio ya ghalani. Baadaye nikaja mie, nikamsifia mbele ya watu, na akashindwa kurudi nyuma.

Mie nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Hapohapo jambo jingine likanipiga.

"Na barua za mama?"

 Akageuza uso ukutani.

Nilifungua kibweta. Zilikuwa nne. Zilinichukua siku hiyo na siku iliyofuata, kidole kwenye karatasi, maana mwandiko wa mkono si kama wa ubao. Ya kwanza mama alikuwa ameomba blanketi, kifua kinamsumbua asubuhi za baridi. Ya pili aliomba tena, kwa upole, labda ile ya kwanza imepotea. Ya tatu iliniambia bibi yangu amefariki, na kwamba walinisubiri siku mbili kabla ya kuzika. Ya nne ilikuwa fupi. "Mwanangu, tumehamishiwa kijiji kipya karibu na barabara kuu. Nyumba ya zamani imebaki tupu. Ukija usitutafute kule. Nimesikia kimya chako nami sitakusumbua tena."

Hakuna mahali palipoandikwa mihogo.

Nilisoma ile ya nne nikiwa nimekaa sakafuni. Bibi yangu nilikuwa nimemtumia salamu kwa mdomo wa wasafiri waendao kusini miaka miwili mizima baada ya kufa kwake. Wale watu walinionaje?  Nilimtazama mume wangu, na yeye alikuwa analia, mtu mzima, bila kuficha.

"Na majibu?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Sikuwahi kupeleka hata moja," alisema. "Ningemwambia nani aniandikie? Nilikuwa nakuambia mambo mazuri ili usiwe na wasiwasi."

Sikuongea naye siku tisa. Siku ya kumi jirani yangu aliingia chumbani na mtoto mgongoni, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Nilikuuliza neno baya," alisema. "Unisamehe, shoga."

"Ulikuwa na haki ya kuuliza."

"Nilikuwa nayo. Lakini wewe ndiye uliyesoma. Ungeweza kuzungusha kopo ukutani ukanyamaza, nani angejua?" Kisha akauliza kwa nini mume wangu anapika mwenyewe. Nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mkono mdomoni, akasema, "Nenda kwa mama yako. Na yeye mpeleke, aseme mwenyewe."

Tulikwenda, na blanketi, kwa basi lililokwama njiani siku nzima kwenye matope ya bonde. Mama alikuwa amekonda. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama askari, na watu ambao miaka miwili nyuma hawakujuana. Mume wangu alipiga magoti mbele yake, akasema yote aliyonifanyia, bila kujitetea. Mama alimtazama muda mrefu. Sikuona hasira usoni mwake, niliona mshangao mtupu.

"Kwa hiyo mihogo yangu ulikuwa unailima wewe," alisema mwishowe. Akaguna, akaingia ndani kutuwekea chakula. Kumsamehe alimsamehe pole pole, na mie vilevile. Haikuwa kazi ya safari moja. Tuliporudi mjini mume wangu aliandikishwa darasa la tawi jingine, Mtoni, ambako hakuna aliyemjua, na alikuwa anakwenda kwa miguu.

Lakini siku zile za kijijini nilimkuta jirani mpya wa mama, mwanamke mfinyanzi aliyehamishwa kutoka kando ya mto. Vyungu vyake vilikuwa vimeanikwa chini ya mkeka, vibichi bado. Nikamwamkia, nikamwomba anifinyangie vitano, vipana kama sahani, kina kisichozidi shibiri moja ya kiganja, na kabla ya kuvichoma avitoboe kitako, matundu matatu kila kimoja.

Alisimama na udongo mikononi.

"Nitoboe kitako?"

"Ndiyo, mama. Maji yatoke."

"Nifinyange chungu kinachovuja kwa makusudi?" Akamwita mwenzake wa nyumba ya pili aje asikie. "Watu wa mjini wamepatwa na nini jamani?"

Nikamweleza habari ya mshubiri na mizizi yake inayotambaa juu juu, na kwamba sitaki tena chombo nisichojua kilikotoka. Walinisikiliza hawa wawili, wakatazamana. Yule mfinyanzi akachukua kijiti, akageuza chungu kibichi, akasita kidogo kama mtu anayeombwa kumchoma mtoto sindano, kisha akatoboa tundu la kwanza huku amefumba macho.

Vinne vilifika Temeke vizima.